Jina la Pili la Mwajuma

Magamba, Lushoto

Mwanangu Mwajuma,

Jambo nililokuficha miaka hii linahusu kompyuta iliyokukataa. Shikamoo yako naiitikia kabla haijanifikia: marahaba, mwanangu. Mombo na joto lake mnaendeleaje? Mumeo, mwanangu Bakari, na wajukuu hawajambo? Mimi kifua hakinipi usingizi, na daktari ameacha kunipangia siku ya kurudi. Ukungu unaingia hadi kitandani, na ndani yake naiona tena ofisi yetu.

Kampuni ya mboga ilipochukua ghala la ushirika, ilituletea sisi makarani vile vioo vya kompyuta. Dula, fundi wao, alitueleza kwamba mashine yenyewe iko Tanga, na tunachokiona ni kivuli chake kinachopita kwenye waya wa simu. Niliyapenda maneno hayo. Kioo kilipowaka buluu asubuhi, nilijiona nimekaa dirishani katika mji wa mbali, milima imebaki nyuma yangu.

Sote tuliingia kwenye mashine hiyo, isipokuwa wewe. Neno la siri la kila mtu lilikuwa jina lake la pili. Dula akiandika lako, panafunguka. Ukiandika wewe, panagoma. Alibadilisha kibodi, akakuhamishia meza ya Lulu, karani wa muda, akakufuta na kukusajili upya kwa neno lilelile. Lulu akakutania kwamba seva, ile mashine ya Tanga, ina wivu kama mke mwenza. Dula akauliza kama vidole vyako havijaloa maji ya kabichi. Ulicheka nao, ingawa Bakari hakuwa na kazi, na mshahara ule ndio uliowaweka watoto shuleni.

Nilikuwa meza ya jirani, nikaviona vidole vyako. Jina lako la pili ni lilelile la pili la mumeo, na mumeo amelipata kwangu. Nyumbani kwetu mke halitamki jina la baba mkwe, sembuse kuliandika naye yupo. Uliandika jina la baba yako mzazi, vitone vikalifunika, na kumweleza Dula mbele yangu uliona haya. Meneja akasema hawezi kumlipa karani asiyeingia. Kazi akapewa Lulu, nawe ukateremka Mombo kuuza karoti.

Ruhusa yangu ingetosha. Dula aliniuliza, mzee unaonaje, nikamjibu kwamba mitambo siijui. Kila ulipolikwepa jina lile, niliona limekuwa langu kweli.

Msalimie Bakari, mwambie asikimbilie kupanda huku mlimani, njia inateleza. Wajukuu wapakate kwa niaba yangu. Radhi yangu unayo yote, yako naiomba.

Hashimu alikuwa mtoto wa jirani yetu Kwamkoro. Alifaulu kwenda shule ya kati, homa ikamuua kabla shule haijafunguliwa. Mimi nilikuwa nimeshindwa mtihani. Mwalimu mgeni alipoliita jina lake, niliitika, na Hashimu nikabaki hadi leo; nililozaliwa nalo ndilo ninalotia sahihi hapa chini.

Mimi baba mkwe wako,
Suleimani