Bega la Mama

Jumatatu, 3 Machi
Maneno kumi ya Kiingereza kabla ya uji, kama kila asubuhi. Ijumaa nafanya mtihani wa ukalimani kwenye kliniki ya mgodi. Kazi ile naitaka kwa kufa na kupona. Leo neno moja limenikwamia: sore. Mwalimu wetu wa Kiingereza kule Kasapa anasema si maumivu yoyote tu. Ni ya msuli uliofanya kazi, ya koo lililokwaruzika, ya mahali ambapo ukipagusa, unaruka. Sisi tunasema "inauma", basi.

Jumanne, 4 Machi
Mfano ninao nyumbani. Mama amepokea na kubeba magunia ya samaki wakavu wa kuuza kutoka Pweto, bega la kushoto linamsumbua. Nimeandika sentensi: bega la mama ni sore. Nikampaka dawa ya kuchua. Nikajisifu.

Jumatano, 5 Machi
Sentensi ni ya uongo. Nimembonyeza bega kwa nguvu, hakushtuka hata kidogo. Lakini akipanda ngazi za mlango wetu anasimama, anashika kifua, jasho linamtoka. Akiketi, maumivu yanaondoka. Msuli uliochoka hauna tabia hiyo. "Ni muzigo tu, mutoto yangu. Mwili inachoka," mama anasema. Nikamhoji: kumbe ni tangu Krismasi! Naogopa. Na nimekasirika.

Alhamisi, 6 Machi
Ugomvi siku nzima. Daktari wa moyo anapokea wagonjwa kesho asubuhi tu. Saa ileile ya mtihani wangu. Mama kaapa hatoki mtaani kwetu Hewa Bora kwenda popote isipokuwa sokoni. Ana kichwa kigumu. Nimekirithi. Funguo za chumba cha samaki ziko mfukoni mwangu, asipate cha kupeleka sokoni, na nitalala nazo.

Ijumaa, 7 Machi
Tumekwenda. Njia nzima alinigeuzia kisogo. Daktari alipomuuliza kilichomleta, akajibu: muzigo. Nikamkatiza. Nikaeleza ngazi, jasho, kifua. Daktari hakucheka. Vipimo, kisha kitanda hapohapo. Moyo haupati damu ya kutosha. Tungechelewa, alisema, na hakumaliza.
Mtihani umefanyika bila mimi. Nimelia chooni, kwa ajili ya mtihani au ya mama, sijui. Nitaomba tena. Wakikataa, nitaomba tena.

Jumapili, 9 Machi
Amelala vizuri. Amepanda kitandani mwenyewe, kifua kimya. Asubuhi aligusa mkono pale sindano ilipoingia, akakunja uso. "Hapa njo kunauma," akasema: hapa ndipo.
Nikambonyeza kidogo. Akaruka, akanipiga kofi mkononi.
Sore. Nimefurahi sana.