Bibi Yustina kamfungia mlango Sesilia

Demetria, acha kila kitu! Bibi yangu Yustina kamfungia mlango Bibi Sesilia, kisa kaja kusema kamwombea marehemu babu misa.

Wivu wa mwaka 1956 huo!

Enzi hizo babu Albano, mchumba wa Yustina, yuko Temeke wiki nzima anasomea ukatekista, ualimu wa dini. Kila mwanafunzi atafute mtu wa kujizoezea kufundisha. Babu akamchukua nani? SESILIA.

Yustina kaenda kumtembelea, kapita dirishani, anamsikia babu na sauti ya asali: "Unasadiki?"

"Nasadiki, mwalimu."

Mwalimu!!

Kaingia, kakaa katikati yao. "Niulize na mie."

"Unasadiki?"

"Wewe? Hata kidogo!"

Leo namwambia, "Bibi, babu si keshakufa? Mfungulie."

"Ndo anachotaka! Unadhani anasali vile kwa nini? Aniwahi kule mbinguni!"