Kibali Kilichotazama Ukuta

Nyumba ya Mlango wa Kijani,
Nyuma ya Shule ya Msingi.
9 Septemba

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu tele zikufikie hapo ulipo. Mguu unaendeleaje? Ngazi unapanda mwenyewe, au bado unashikilia ukuta kama mtoto anayejifunza kusimama? Huku sote wazima, ila shemeji yako na kikohozi chake, na mimi na hasira zangu. Kikohozi angalau kina dawa.

Nianze na sifa, maana ni haki yake. Mpwa wako, yule uliyekuwa ukimwita Kijiti, leo mtaa mzima unamwita Fundi. Madawati ya shule hii kayatengeneza yeye. Kitanda cha mwalimu mkuu, yeye. Mafundi wanaume wenye ndevu zao huja kumuuliza namna ya kunoa randa, nami husimama mlangoni nikijifanya naanika nguo.

Sasa sikia. Mtaa wetu ni wa makazi, kwa hiyo karakana ya uani haikuruhusiwa hivi hivi. Miaka mitatu iliyopita halmashauri ilimpa kibali chenye masharti: kazi ianze saa mbili iishe saa kumi na moja, ndoo za mchanga ziwepo kwa ajili ya moto, maranda yasirundikwe. Mkaguzi akawa anakuja na futi yake na daftari lake. Hakupata kosa hata chembe. Angelipata wapi? Ndoo zenyewe nilikuwa nazifuta vumbi.

Jumatatu iliyopita kaja tena, viatu vinang'aa kama anakwenda kuposa. Hakupima kitu. Akasema, "Mama, kile kibali kimekufa."

"Kimekufa lini, na mbona hatukualikwa mazishini?"

Hakucheka. Akaeleza kwamba kazi ikisimama miezi sita mfululizo, kibali kinakwisha chenyewe. Fundi angevunja sharti, wangemwita ajitetee kabla ya kukifuta. Lakini hiki hakikufutwa na mtu, kimejikatia roho. Akabandika karatasi kwenye mlango wa karakana: kazi isifanyike.

Nikamwambia, "Baba, mwezi wa nne ulikuja ukakuta kufuli. Ukaandika, ukaniaga vizuri, ukaenda zako. Mdomo wako nao ulikuwa na kufuli?"

"Imeandikwa nyuma ya kibali, Mama."

Nyuma! Unakumbuka nilivyokitia kwenye fremu ya kioo, nikakitundika sebuleni juu ya redio? Kila mgeni alionyeshwa jina la mwanangu na muhuri. Fundi alitaka kukiweka kwenye faili. Mimi ndiye niliyesema kitu cha fahari hakikai kabatini. Nilipong'oa misumari, nikakuta mgongoni mistari kumi na mmoja, na ule wa saba unasema hayo hayo. Miaka mitatu umetazama ukuta. Mkaguzi ananiudhi, halmashauri inaniudhi, lakini hili la kwangu ndilo linalonitafuna.

Na wewe usijifiche chini ya shuka. Fundi alifunga karakana Januari aje kukuuguza ulipopasuliwa mguu. Hilo silijutii, damu nzito kuliko maji. Lakini daktari alikuambia mwisho wa mwezi wa tano kwamba umepona. Angerudi hapo, kibali kingekuwa hai. Ukamng'ang'ania miezi miwili zaidi. "Dada, bado nasikia maumivu," ukanipigia simu, nami nikisikia unatafuna!

Akiomba kibali upya hapati, sheria mpya haziruhusu tena karakana mtaa huu. Mlango uliobaki ni mmoja: kamati inakaa tarehe 24, na inaweza kukirudisha kama kazi ilisimama kwa sababu ya ugonjwa katika familia, na ushahidi uwepo. Basi ichukue barua ya hospitali, na yako uandike kwa mkono wako. Andika yote, hata ile miezi miwili ya kudeka. Usijiongezee mfupa uliovunjika. Fundi amekataa kwenda na uongo mbele ya kamati. Anasema kiti chenye mguu wa kubandika humwangusha mgeni.

Juzi nimemkuta chumbani kwake, mlango kaufunga, anapiga msasa mguu wa stuli polepole asisikike, kama mwizi. Mwanangu, ambaye sauti ya msumeno wake ndiyo ilikuwa saa ya mtaa! Nilirudi jikoni nikasahau nilifuata nini.

Barua zifike kabla ya tarehe 24. Mpe mtu anayesafiri, usisubiri posta. Ukizembea huko, mimi nitakuja kuuvunja huo mguu upya, tena bila ganzi.

Shemeji yako anakusalimu kati ya kikohozi na kikohozi. Fundi anasema hana kinyongo, nawe ufanye mazoezi ya goti. Nisalimie yule nesi jirani yako. Mungu akusimamishe imara, na asimame na sisi siku hiyo.

Fremu nimeirudisha juu ya redio. Safari hii mgongo wa kibali ndio unaotazama wageni, na hakuna anayepewa kiti kabla hajausoma mstari wa saba.

Akupendaye hata akifoka,
Dada yako