Nilijitoa Nikiwa na Arobaini na Sita

Jumapili jioni, Pearland

Bado kaninunia. Kapteni wetu ni mdogo kwangu kwa miaka kumi na tano, lakini leo kanifokea mbele ya timu nzima, utadhani mimi ni mtoto wa madrasa.

Tulikuwa tunacheza kriketi, na mimi nilikuwa nimeshapata mbio arobaini na sita. Mpira ukanigusa glavu, ukadakwa kabla ya kugusa chini; hapo mpigaji ametoka. Kwenye ligi yetu timu inayopiga ndiyo inayotoa refa, kwa hiyo aliyesimama pale ni Salim, mwenzetu. Akatikisa kichwa, hajasikia kitu. Mimi nilisikia. Nikavua glavu, nikatoka.

"Mzee, nani kakutoa?" kapteni akauliza. "Si refa amekataa!"

"Nimejitoa mwenyewe."

Nilipochezea mkoa wa Pwani tulitoka hivyo hivyo. Hakuna aliyengoja kufukuzwa.

Tumeshinda, ila kwa taabu. Goti linauma, na tangu mchana nimeogopa kwamba kapteni ataniacha nje ya timu.

Sasa hivi ameandika kwenye grupu la timu: Jumamosi, Dallas, mimi ndiye wa kwanza kupiga. Hakuna salamu, hakuna samahani. Sawa tu.

Leo nimejitoa. Huko wanitoe wao, kama wanaweza.