Kamba Iliyofika Sakafuni

Tarehe 4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo huko uliko? Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo hulalamika asubuhi na kunyamaza likishapata chai. Simu yangu usiipige tena. Ilinichoropoka juu ya paa la jirani, ikafika chini kabla yangu na kusambaratika. Kwa hiyo tutaandikiana kama watu wa zamani. Barua umpe yule kondakta wa basi la asubuhi. Ni mwaminifu, ila ana maswali mengi.

Sasa habari yenyewe. Kiwanda cha sabuni kimenipa kazi ya kubadilisha mabati ya ghala zima. Mimi, baba yako, ambaye mtaa huu ulishaamua nimebaki wa kukaa kibarazani na kusalimia wapita njia. Tangu mama yako atutoke sijapewa paa lenye maana, ni mabanda ya kuku na choo cha mwalimu. Ghala hili limekwenda juu kama nyumba mbili zilizobebana. Nikilimaliza, mtu hataniita mzee kabla ya kufikiri kwanza.

Usianze mahubiri yako ya mikanda ya usalama. Hawaniiti Paka bure.

Baba yako,
Fundi Paka

Tarehe 7 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limeamka vizuri. Mimi sijambo, kazi inaendelea na jua linatukaanga. Hongera kwa ghala. Nilifurahi, kisha nikakaa chini, kisha nikaacha kufurahi.

Baba, unajua mimi nachomelea matangi ya mafuta, na matangi hayo si mafupi. Huku hakuna anayepanda mpaka mwenzake amkague mikanda mbele na nyuma. Hata msimamizi, pamoja na tumbo lake lote, hukaguliwa. Nimempa kondakta akuletee mikanda ya mwili mzima, inayopita mabegani na mapajani. Ina kamba mbili fupi, kila moja na kulabu yake. Unaing'atisha kulabu kwenye chuma cha kenchi, ile inayobeba mabati, unasogea, unang'atisha ya pili, ndipo unaiachia ya kwanza. Muda wote moja inakushika.

Jambo jingine ni yale mabati ya plastiki ya kuingiza mwanga. Yakishakula vumbi yanafanana na mabati mengine, na hayabebi mtu. Tandika mbao kutoka kenchi hadi kenchi, utembee juu ya hizo.

Na kuhusu upaka, sijaona paka mwenye goti linalodai chai.

Binti yako

Tarehe 12 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Huku sote wazima, na sote ni mimi. Mikanda imefika. Kondakta alikuwa ameivaa, anasema ndiyo njia rahisi ya kuibeba. Nilipoijaribu nyumbani niliingiza mguu penye mkono, ikabidi jirani aje kunikwamua.

Nimekubali ushauri wako, na unajua hilo halitokei kila mwaka. Mikanda nitaivaa. Ila zile kamba fupi nimezifungua na kuzirudisha mfukoni, maana hizo ni za kumfungia mbwa. Fundi anapiga hatua mbili tayari anavutwa nyuma. Nimenunua kamba yangu mwenyewe, mpya, nene, na ndefu ya kutosha. Nimeipima: kutoka kwenye kenchi ninapoifunga inafika sakafuni, na nyingine inabaki. Sasa natembea paa zima, ukingo hadi ukingo, nikiwa nimefungwa muda wote. Fundo nililopiga, fahali wawili hawalifungui.

Jana nimeanza kung'oa mabati ya zamani. Natumaini sasa utapata usingizi.

Baba yako,
Fundi Paka

Tarehe 14 Machi

Baba,

Shikamoo. Habari za afya nitauliza mwishoni.

Kama unaisoma hii ukiwa juu, shuka kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Umeshuka? Sasa sikiliza. Kamba inayofika sakafuni itakuacha na wewe ufike sakafuni. Utaanguka safari nzima bila kupunguziwa hata kidogo, utatua ukiwa umefungwa vizuri sana, na fundo lako litabaki huko juu halijalegea. Tutalisifu msibani. Ule ufupi unaoudharau ndio kazi yenyewe ya kamba, ikukamate kabla hujapata mwendo.

Barua yako niliisoma juu ya tangi. Ilibidi nishuke, kwa sababu miguu ilikuwa inatetemeka na mwenzangu alinikataza kuendelea. Baba, mama tumemzika. Ndugu sina. Sina mzazi mwingine wa akiba. Hao wa mtaani wakikuita mzee wewe umia kidogo, mimi nataka uitwe mzee mpaka uchoke.

Nimemwambia kondakta ni dharura, aipeleke barua hii kiwandani moja kwa moja.

Goti linaendeleaje?

Binti yako

Tarehe 25 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, lakini chakula hakipiti.

Kimya chako kimezidi. Kondakta anasema barua alimkabidhi mlinzi wa kiwanda, kisha anatazama pembeni. Nimemuuliza kama uko mzima, akajibu kwamba ulikuwa mzima yeye alipoondoka. Hilo ni jibu la kumpa mtu? Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi. Nimeomba ruhusa kazini. Nisipopata neno lako kufikia Jumamosi, napanda basi.

Binti yako

Tarehe 27 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Mimi mzima, na safari hii neno hilo nimelichunguza kabla ya kuliandika.

Ni kweli nilikasirika. Mlinzi aliniita nishuke, nikakataa. Basi kwa kuwa aliambiwa ni dharura, alisimama katikati ya ua akanisomea barua yako kwa sauti yake ya kufukuzia wezi. Kina mama wanaofunga sabuni walitoka wote. Alipofika pa msibani wakacheka. Alipofika pa mzazi wa akiba wakainua vichwa kuniangalia, na juu ya paa hakuna pa kuficha uso.

Nikasema nitawaonyesha kwamba binti yangu ana maneno mengi. Nikaomba gunia la sabuni zilizoharibika, nikalifunga kwenye ile kamba yangu, nikalisukuma. Mwanangu, lilifika chini. Lilipasuka likatapakaa mpaka mlangoni, na kamba iliyobaki ikaja kulala juu yake taratibu, kama haihusiki. Nilikaa kwenye kenchi nikashindwa kushuka. Niliwaambia natafakari. Wewe nakwambia ukweli, niliogopa sana. Baadaye nikaona haya kukuandikia, na haya ikazaa kimya. Nisamehe kwa hicho chakula kisichopita.

Tangu siku hiyo nikawa navaa zile kamba za mbwa na kutandika mbao. Wiki iliyopita nikakanyaga pembeni ya ubao, juu ya plastiki yako ya mwanga. Ikavunjika. Nilining'inia juu ya meza ya kina mama, miguu ikicheza hewani, mpaka walipoleta ngazi. Mapaja yananiuma hadi leo. Mmoja wao ameniuliza kama nina mpango wa kuoa tena, kwa hiyo si hasara tupu.

Ghala limekwisha jana, na halivuji. Linalovuja ni paa letu hapa nyumbani, juu ya kitanda changu. Ni bati moja tu, kazi ya kupanda na kushuka, na mikanda ni ya kiwanda, si ya kibanda chako mwenyewe. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, nikaegemeza ngazi ukutani. Nikapanda vipago viwili. Nikakufikiria uko juu ya tangi na miguu inatetemeka, nikashuka. Nimesogeza kitanda na kukinga sufuria. Majirani wanacheka kwamba fundi wa mapaa anakinga maji, na mimi nacheka nao, lakini ngazi naiona dirishani na mikono inawasha.

Uliandika kwamba usipopata neno langu utapanda basi Jumamosi. Basi hesabu kwamba barua hii hujaipata.

Baba yako