Kama Inakohoa, Fungula

Mama Merdi,

Niko naenda kule Tshopo kuchukua mama yangu. Bomu zimenyamaza kidogo, na sijui kama kesho barabara itapitika. Pondu iko mu sufuria, upe batoto. ~~Ambia tonton Cyprien akuje mangaribi, tutengeneze ralenti ya pikipiki, injini iache kukohoa.~~ Hapana. Usimuite.

Leo asubuhi ulisikia injini ku mulango, ukawaza ni miye, ukafungula. Kumbe basoda na bunduki, banauliza bwana wa nyumba. Niliporudi nikakukemea mbele ya batoto. Ilikuwa woga, hapana hasira.

Kisha nikaangalia pikipiki yangu, ile munaicheka kila siku: ikisimama, injini inapanda, inashuka, inakohoa kama muzee. Nilipata sababu. Kaushu ya carburateur imepasuka, inavuta hewa. Nikaifunga na kipande ya mupira ya chambre à air, ikatulia muzuri, sawa na ile ya basoda.

Donc nikaifungula tena.

Mangaribi funga mulango, zima taa. Ukisikia injini inakohoa, fungula mbio. Kama imetulia, pitisha batoto nyuma, muende kwa jirani Berthe. Usifungule, hata kama ni sauti yangu inakuita.

Papa Merdi