Kabla Sijaziunganisha Hatua Zetu za Zamani

Bwera, Jumapili, 14 Agosti 2016

Mpendwa dada,

Leo nakueleza yote, hata yale yatakayokufanya unicheke.

Programu yetu ya kufuatilia mizigo ambayo wateja humwachia Baba dukani imechaguliwa kuonyeshwa Kasese mbele ya shule nyingine. Mwalimu wa kompyuta alifungua historia yake katika Git, ile inayotunza kila hatua tuliyohifadhi pamoja na maelezo yake na jina la mwandishi, akashuka, akashuka, mwisho akauliza, "Binti, hatua mia moja na kumi na mbili, zote ni za kazi gani?"

Nusu yazo zinasema "umeme unayumba." Unakumbuka? Taa ya duka ikipepesa tu, unaniambia, "Hifadhi, hifadhi," nami nahifadhi hata mstari mtupu. Moja uliandika wewe: "Baba anatafuta gunia." Siku ile alisimama kwanza mlangoni, kisha akaja kukaa nasi. "Nyinyi mabinti, hii gunia ya Mama Biira iko wapi? Mashine yenu inajua?" Ukamjibu, "Inajua, Baba. Umelikalia."

Mwalimu anataka hatua hizo za zamani ziunganishwe ziwe tano au sita, kila moja ieleze kazi iliyokamilika. Nilijaribu kwenye nakala ya pembeni. Orodha ya kuunganisha huanza na hatua ya zamani zaidi juu; niliamuru hiyo ya kwanza kabisa iingie ndani ya iliyo juu yake, Git ikakataa, maana juu yake hakuna kitu. Nilicheka peke yangu. Mara ya pili ikakubali: hatua thelathini zikawa moja, na kwa kuwa ya juu ilikuwa yako, jina lililobaki ni lako. Sikuumia, kwani mwezi ule kila mstari ni wewe uliyenifundisha. Maneno yetu ya hatua hizo nimeyanakili daftarini.

Programu yenyewe sijaigusa. Nikibadilisha historia hapa, nakala uliyokwenda nayo Mbarara haitalingana tena na hii, na ulichoandika juu ya hatua za zamani kitagongana na changu. Mwalimu alisema, "Dada yako yuko chuoni, magunia ameshayasahau. Endelea tu." Nikamwomba anisubiri hadi Ijumaa. Tangu uondoke haijafika hata hatua moja yenye jina lako. Labda umeacha, labda unaandika na mtandao haukuruhusu kutuma. Nimechagua kuamini hilo la pili.

Baba anakusalimu. Dereva aliyekuletea barua hii anarudi kesho, mpe jibu: je, kwenye kompyuta yako kuna kazi ambayo bado hujaituma?

Mdogo wako,
Zaina